Wi-Fi ya wageni inapogoma: maswali ninayoulizwa na wenye nyumba wa Mwanza

Desemba inapokaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Ndugu wamefika kutoka Ukerewe, Sengerema na Shinyanga, nyumba imejaa, na kila anayevua viatu mlangoni anauliza paswedi kabla hata hajapewa maji. Mwenye nyumba alishajiandaa, amewasha mtandao wa wageni kwenye ruta yake, halafu mtandao wenyewe unagoma mbele ya wakwe. Haya ni maswali yanayojirudia, pamoja na majibu niliyoyaokota kwa kupanda ngazi za Isamilo na Mabatini nikiwa na laptopu mgongoni. Kurasa za ruta hazifanani, na kitufe kinachoitwa hivi kwako kinaweza kuitwa vingine kwa jirani, lakini kinachotendeka ndani ni kilekile.

Mtandao wa wageni ni kitu gani hasa?

Mgeni anakaa sebuleni, anakunywa chai, anaangalia mpira. Chumbani haingii. Ndivyo ruta inavyofanya: kifaa ni kimoja, laini ya intaneti ni moja, ila kinatangaza majina mawili. Anayeingia kwa jina la wageni anapewa njia ya kutoka nje tu. Vifaa vya ndani yeye havioni: kompyuta yenye hesabu za duka, printa, kamera ya geti, wala ukurasa wa kupangia ruta. Kwenye ruta nyingi wageni hawaonani hata wao kwa wao.

Huo ukuta uushike vizuri kichwani. Simu nyingi ninazopigiwa kwamba "Wi-Fi ya wageni ni mbovu" zinahusu ukuta unaofanya kazi yake.

Nimeuwasha, lakini jina lake halionekani kwenye simu ya mgeni. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza kama halionekani kwenye simu zote au kwenye simu moja.

Kama ni simu moja, hasa ya zamani au ya bei nafuu, huenda inasikia mawimbi ya 2.4 GHz peke yake na wewe umewasha wageni kwenye 5 GHz. Ruta nyingi zina tiki mbili, moja kwa kila mawimbi, na watu huweka ile ya 5 kwa sababu wameambiwa ina kasi. Kasi inayo kweli, ila simu isiyoisikia haifaidiki nayo. Weka tiki kwenye 2.4 GHz.

Kuna kisa kingine ambacho hunichekesha kila kikitokea. Shangazi anakuja likizo kutoka Marekani na simu ya gharama kuliko ruta, sato na jiko vikijumlishwa, halafu yake ndiyo pekee isiyoona mtandao. Ruta imejichagulia chaneli (njia ya kurushia mawimbi) ya 12 au 13, na simu nyingi za soko la Marekani hazisikilizi chaneli hizo. Ipeleke ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, mambo yaishe.

Kama hakuna simu inayoona jina, tazama muda. Baadhi ya ruta, unapowasha mtandao wa wageni, huuliza uishi kwa muda gani: saa 4, siku moja, au bila kikomo. Wengi hubonyeza tu kuendelea, na kesho yake asubuhi mtandao umejizima bila kumwambia mtu. Angalia pia kama umeficha jina, kama kuna ratiba ya kuzima usiku, na kama kweli ulibonyeza kitufe cha kuhifadhi kabla ya kufunga ukurasa. Hilo la mwisho hata mimi limenipata, tena mbele ya mteja.

Simu inakataa paswedi, na nimeiandika sawasawa.

Naamini umeiandika sawa. Ila simu hupenda kukufanyia herufi ya kwanza kuwa kubwa, au kuongeza nafasi mwishoni pale unaponakili kutoka WhatsApp. Paswedi lazima iwe na herufi 8 hadi 63, na "Karibu" na "karibu" kwa ruta ni watu wawili tofauti. Epuka sifuri na herufi O, moja na herufi l. Mimi huwawekea watu maneno matatu ya Kiswahili yaliyounganishwa kwa herufi ndogo zote, hata bibi anaweza kutajiwa kwa mdomo akaiandika.

Kama una uhakika na herufi, iambie simu iusahau mtandao huo kisha uingie upya. Simu hukumbuka paswedi ya mwaka jana na kuendelea kuing'ang'ania.

Ikishindikana hapo, tazama aina ya ulinzi. Ulinzi wa WPA3 ulitangazwa mwaka 2018, na simu nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo hazijui lugha yake. Chagua WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usishuke chini ya WPA2 kwa sababu ya simu moja ya mjomba.

Simu inasema imeunganishwa, lakini hakuna intaneti. Hili ndilo linanitoa jasho.

Hata mimi. Tatizo linaweza kukaa sehemu tatu: kati ya simu na ruta, ndani ya ruta, au kati ya ruta na dunia ya nje. Kabla hujagusa mpangilio wowote, toka kwenye mtandao wa wageni, ingia kwenye ule wa nyumbani ukiwa na simu ileile, ukiwa umesimama palepale.

Wa nyumbani nao hauna intaneti? Basi acha mambo ya wageni. Angalia bando, angalia taa za ruta, angalia kama majirani wanalia pia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zinazotuunganisha na dunia zilipata hitilafu na intaneti ikayumba katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku ile kulikuwa na watu hapa mjini waliokuwa wanafuta na kupanga upya ruta zao, wakati tatizo lilikuwa baharini, mbali kabisa na Mwanza.

Wa nyumbani unafanya kazi, wa wageni haufanyi? Sasa tuzungumze. Fungua maelezo ya mtandao kwenye simu na utazame anwani ya IP, yaani namba ambayo ruta humpa kila anayeingia. Ikianza na 169.254, au simu ikibaki inazunguka kwenye kutafuta anwani, maana yake ruta haijampa mgeni namba ya kukaa. Ni kama harusi ambayo viti vimekwisha.

Na viti huisha kweli. Ruta nyingi huwatengea wageni anwani chache, tuseme kuanzia 192.168.2.100 hadi 192.168.2.149, yaani 50. Kila anayeingia anashika anwani yake kwa muda uliopangwa, mara nyingi saa 24, hata kama ameshaondoka na yuko kwenye daladala ya Igoma. Nilipigiwa simu kutoka kwenye sherehe ya kumuaga binti kule Nyasaka: kamati na waliowahi wanaperuzi, waliokuja baada ya saa mbili usiku wote hawapati kitu, na tayari manung'uniko yalishaanza kwamba upande wa bwana harusi umebaguliwa. Tulipunguza muda wa kushika anwani kuwa saa moja, tukapanua idadi hadi 150, tukaizima na kuiwasha ruta. Ukweli ni kwamba ruta ya nyumbani haikuumbwa kubeba watu wengi namna ile kwa mpigo, lakini angalau ugomvi ulipoa. Kwenye vile vifaa vidogo vya kubeba vinavyotumia laini ya simu, kikomo kinaweza kuwa vifaa 10 tu, na hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Anwani ipo na ni nzuri, lakini kurasa hazifunguki? Shuku DNS, kile kitabu cha simu kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye mpangilio wa wageni jaribu kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kosa la ajabu nililokutana nalo kwa watu wanaojua kidogo zaidi ya wenzao ni hili: mtu ameweka kikompyuta ndani ya nyumba cha kuchuja matangazo, akaielekeza ruta yote ikiulize hicho. Familia inafurahia, wageni wanakufa njaa. Kikompyuta kiko chumbani, na wageni, kama tulivyosema, hawaingii chumbani.

Nina ruta mbili: ya mtoa huduma na niliyonunua mwenyewe dukani. Mtandao wa wageni kwenye hii yangu haufanyi kazi vizuri.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapojidanganya kwamba wako salama.

Ruta uliyonunua inaweza kuchomekwa kwenye ile ya kwanza kwa namna mbili. Namna ya kwanza inaitwa "access point" kwenye menyu: ruta yako inaacha kazi ya uruta, inakuwa mnara tu wa kurusha mawimbi, na anwani zote zinatolewa na ile ya mtoa huduma. Katika hali hiyo ruta nyingi za nyumbani haziwezi kujenga ukuta wa wageni. Nyingine huondoa kabisa menyu ya wageni. Nyingine huiacha, unawasha jina la wageni, linaonekana, watu wanaingia, kumbe wako chumbani na wenye nyumba. Nyingine huwaacha wageni bila anwani.

Jaribio lake ni jepesi. Ingia kwenye mtandao wa wageni, fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa kuingilia kwenye ruta ukifunguka, ukuta wako una tundu.

Namna ya pili ni kuiacha ruta yako ibaki ruta kamili nyuma ya ruta nyingine. Hapo menyu ya wageni inafanya kazi. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, zote mbili zikitumia familia moja ya anwani, mathalani 192.168.1, zitachanganyikiwa; ibadilishe yako iwe 192.168.50. La pili ndilo watu hawaambiwi dukani: ruta yako inamzuia mgeni asiingie kwenye nyumba yake yenyewe, lakini kitu chochote kilichochomekwa kwenye ruta ya mtoa huduma, kwake ni "nje". Kwa hiyo mgeni aliyeko kwenye ruta ya ndani anaweza kuifikia kamera iliyochomekwa kwenye ruta ya nje, kwa njia ileile anayofikia intaneti.

Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio. Wageni wawekwe kwenye ruta ya mtoa huduma, ile iliyo karibu na barabara. Familia, printa na kompyuta vikae kwenye ruta yako ya ndani. Mgeni mwekee kiti barazani. Usimpitishe uani halafu ukaanza kufunga milango moja moja.

Mgeni wangu anataka kuprinti, au kurusha video kutoka simuni kwenda kwenye TV. Haioni printa wala TV.

Na haitaona. Ni ukuta.

Ruta nyingi zina tiki ya kuwaruhusu wageni kufikia vifaa vya ndani. Ukiiweka, printa itaonekana na ukuta utakuwa umekwisha, si kwa printa tu. Mimi siiweki. Mwambie akutumie faili kwenye WhatsApp, uprinti wewe. Kuhusu TV, unaweza kuihamishia kwenye mtandao wa wageni, lakini kumbuka wageni huwa hawaonani. Pasipokuzimwa kizuizi hicho, simu na TV zitakaa kwenye sebule moja zikiwa zimepeana migongo. Kebo ya HDMI kutoka kwenye laptopu inamaliza mjadala.

Kamera na balbu za kisasa niziweke upande gani?

Upande wa wageni. Kamera ya bei poa isiyopata masasisho ni mgeni, hata kama umeinunua kwa pesa yako na imekaa ukutani miaka mitatu. Nyingi hupeleka picha kupitia seva ya kampuni yake iliyoko kwenye intaneti, hivyo bado utaziona simuni. Wakati wa kuifunga mara ya kwanza, simu yako nayo iwe kwenye 2.4 GHz ya wageni, kwa sababu kamera nyingi hazijui 5 GHz. Ikishindwa kuonana na simu, zima kizuizi cha wageni kwa dakika tano, ifunge, kisha ukirudishe. Usisahau kukirudisha.

Wageni wanamaliza bando. Nifanyeje?

Video ya ubora wa juu hula karibu GB 3 kwa saa, ya kawaida karibu GB 1. Vijana wanne wa likizo, kila mmoja na skrini yake, piga hesabu mwenyewe. Weka kikomo cha kasi kwenye mtandao wa wageni. Mbps 2 kwa kila mtu zinatosha WhatsApp, kusoma na video ya kiasi, na video ikikosa kasi hujishusha ubora yenyewe, ndiyo nia yetu.

Ila soma kipimo kabla ya kuandika namba. Mama mmoja wa Pasiansi aliandika 5 akidhani ni Mbps 5. Ruta yake ilikuwa inahesabu kwa Kbps. Wageni wake walikuwa wanapata kasi ambayo hata ujumbe wa maandishi ulikuwa unajikongoja, na yeye alishaamini ruta imekufa. Mbps 5 ni Kbps 5,000.

Nyumba yetu iko kwenye mawe. Sebuleni Wi-Fi ya wageni iko safi, kwenye vyumba vya nyuma hakuna kitu.

Hili ni swali la Mwanza haswa. Mafundi wa Dar es Salaam hawaulizwi hili.

Jabali lenye ukubwa wa lori likikaa kati ya ruta na chumba cha mgeni, mawimbi hayalitoboi, na yale yanayolizunguka hufika yamechoka. Mawimbi ya 5 GHz hukata tamaa mapema zaidi, ya 2.4 GHz hujitahidi. Ongeza bati, geti la chuma, tanki la maji lililojaa, kila kimoja kinachukua chake. Kule Kitangiri kuna nyumba iliyoliweka jabali katikati ya ua, vyumba vya wageni upande wa pili, na mwenyewe alishanunua ruta ya tatu, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, zote akiziweka palepale juu ya kabati la vyombo.

Kinachosaidia ni mahali. Ipandishe ruta juu, itoe nyuma ya TV, isogeze kwenye dirisha linaloona njia ya pembeni mwa jabali. Kama hiyo haitoshi, tembeza kebo ya mtandao ya kuhimili jua na mvua kulizunguka jabali. Kebo hiyo hufika hadi mita 100 bila shida. Mwisho wake weka kifaa cha kurusha mawimbi.

Ukitaka ekstenda isiyo na kebo, usiiweke nyuma ya jabali ambako hakuna mawimbi. Ekstenda hurudia inachosikia. Isiposikia kitu haina cha kurudia. Iweke kwenye kona inayoona pande zote mbili. Tena nyingi hurudia jina moja tu, lile la nyumbani, ndiyo maana jina la wageni hupotea kule nyuma. Kama kule wanalala wageni peke yao, iunganishe ekstenda na jina la wageni tangu mwanzo. Mara nyingi hukubali, na chumbani kwako hakuna anayeingia.

Kwa waliopanga nyumba zilizobanana, kama Mabatini au Igogo, adui si jabali bali jirani. Ruta kumi zote ziko chaneli ya 6. Hamia 1 au 11, na usiende 3 au 8 ukidhani umejificha; za katikati zinagongana na pande zote.

Kila umeme ukikatika na kurudi, wa nyumbani unarudi, wa wageni hapana.

Sababu ya kwanza ni saa. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi, ruta inaamka ikidhani ni mwaka 1970 au tarehe nyingine ya kiwandani, hadi ipate saa sahihi kutoka intaneti. Kama umeweka ratiba ya wageni, ruta inafuata saa yake hiyo mbovu. Angalia pia majira: yawe saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya rejea ya dunia, vinginevyo "zima saa 6 usiku" itatokea saa tisa alfajiri.

Ya pili ni mpangilio wa kuamka. Kile kisanduku cha faiba kinachukua dakika kadhaa kuamka, ruta ikatangulia, ikakosa intaneti, ikazubaa. Zima vyote, washa kisanduku cha faiba, subiri taa zitulie, ndipo uwashe ruta.

Kibetri kidogo cha kuhifadhi umeme cha volti 12 kinaondoa usumbufu huu wote. Soma chini ya ruta kwanza. Kuna za volti 9 na za volti 12, na kuchomeka kubwa kwenye ndogo ni kuichoma.

Na kwa kuwa tuko ziwani: eneo hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na dhoruba nyingi za ziwa huja usiku watu wamelala. Ruta zilizokufa nilizoletewa, nyingi zimekuja msimu wa mvua. Ukisikia ngurumo inakaribia, chomoa adapta, na kama intaneti inaingia kwa waya wa shaba au antena ya juu ya bati, chomoa na huo waya. Kuzima swichi ya ukutani si kuchomoa.

Nimemzuia kijana wa jirani, lakini kesho yake yumo tena.

Ulimzuia kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ambayo simu huionyesha kwa ruta. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu zinaweza kujipa anwani ya kubuni badala ya ile halisi. Akiusahaulisha mtandao, huenda akarudi na sura mpya. Badilisha paswedi ya wageni. Ndiyo raha yake: unaibadilisha bila kugusa simu hata moja ya nyumbani.

Kwa nini nisiuache wazi tu bila paswedi? Wageni ni watu wangu.

Mtandao wa kawaida usio na paswedi hausimbi chochote hewani, yaani haufichi kinachopita, na unafika hadi barabarani. Wanaoketi ukutani kwako jioni si wote watu wako. Tena kwa nje, mgeni na wewe mnaonekana mmetoka nyumba moja. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sitaki uwe unaeleza kituoni kwamba si wewe, ni mtu uliyemfungulia.

Kama shida ni kutaja paswedi kila mara, tengeneza msimbo wa QR. Simu za Android 10 na kuendelea zinaweza kuutoa zenyewe kwenye mipangilio ya Wi-Fi, sehemu ya kushiriki. Uchapishe, ubandike sebuleni karibu na saa. Hakikisha tu umetoa wa wageni, si wa nyumbani. Nimeuona wa nyumbani umebandikwa, umewekewa na fremu.

Je, ninaweza kuona wanachofanya wageni? Na wao wanaona changu?

Wao, ukuta ukiwa mzima, hapana. Wewe, unaweza kuona vifaa vilivyoingia na, kwenye ruta nyingine, majina ya tovuti. Maandishi ya ndani ya WhatsApp au benki huyaoni, yamesimbwa. Na hata hayo majina, mzee, achana nayo. Umemkaribisha mtu.

Simu za watu wa nyumbani zinaingia zenyewe kwenye mtandao wa wageni.

Mtu aliwahi kuingia siku moja, simu ikakumbuka. Isahaulishe. Ndiyo maana wakati mwingine mwenye nyumba hawezi kuprinti nyumbani kwake.

Nimesahau paswedi ya kuingilia kwenye ruta. Nibonyeze kile kitundu cha nyuma?

Subiri kwanza. Kitundu hicho, kikibonyezwa kwa pini kama sekunde 10, hufuta kila kitu, pamoja na jina la mtumiaji na paswedi ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwa mtoa huduma. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikibonyeza kwenye nyumba moja Nyakato, nikijiamini, mtandao wa wageni tu ndio uliokuwa unasumbua. Familia ilikaa siku tatu bila intaneti wakisubiri mtoa huduma atume taarifa upya. Sikulipwa, na nilistahili.

Jaribu kwanza iliyoandikwa kwenye stika chini ya ruta. Kisha mpigie mtoa huduma umuulize kama kuna taarifa za kuandikwa upya baada ya kufuta. Zikiwepo, ziandike kwenye karatasi, si kwenye simu itakayokosa mtandao. Ruta za laini ya simu mara nyingi hazina shida hii, zinaamka na laini yake.

Niite fundi wakati gani?

Ukishajaribu mtandao wa nyumbani na wa wageni kwa simu mbili tofauti ukiwa umesimama mita mbili kutoka kwenye ruta, na ukashaizima na kuiwasha ruta mara moja. Ukinipigia, niambie simu zote au moja, umbali gani, anwani ya IP inaanza na namba gani, na taa gani inawaka nyekundu. Ukiniambia "haishiki tu", nitalazimika kupanda hizo ngazi, na nauli ya bodaboda ni juu yako.